Habari za Moto Safi katika Nchi ya Shinyanga na Geita

Mambo ya kale ya nchi yetu tumezoea kuyasoma kwa majina ya watemi na vita vyao, safari za wageni, na miaka ya njaa. Ni vema kuyajua hayo. Lakini iko habari nyingine isiyoandikwa sana, nayo hupita kila siku mbele ya macho yetu, tena huyatoa machozi: ni habari ya moto wa jikoni. Moto huo ulikuwako kabla ya watemi, nao huwashwa asubuhi na jioni tangu Kishapu mpaka Kahama, na tangu Bukombe mpaka ufuko wa ziwa huko Geita. Hata hivyo ni wachache wanaouliza kama moto huo huwaka vema, na kama hauwaki vema, ni nani anayelipa hasara yake.

Neno tunalotaka kulionyesha ni hili: moshi mwingi ni alama ya moto uliokosewa. Moshi ni kuni ambazo hazikupata kuungua. Mama amezitafuta mbali, amezibeba kichwani, amezipasua na kuzitia motoni. Kisha sehemu yake imeruka juu ya paa bila kupika kitu, na sehemu nyingine imeingia kifuani mwake na kifuani mwa mtoto aliye mgongoni. Elimu ya kuzuia upotevu huo si ngeni katika nchi hii. Ilikuwako tangu zamani, lakini haikufika jikoni. Jinsi ilivyokuwako, jinsi ilivyokatika, na jinsi inavyoweza kurudi, ndiyo habari ya makala hii.

Moto wa Warongo

Upande wa magharibi ya Usukuma, katika nchi ya Uzinza, ambayo leo sehemu yake kubwa imo katika mkoa wa Geita, walikaa mafundi wa chuma walioitwa Warongo. Watu hawa waliyeyusha mawe ya chuma wakafua majembe, na majembe yao yakachukuliwa mpaka Usukuma na Unyamwezi, yakabadilishwa kwa mifugo na nafaka, hata yakatolewa mahari. Aghalabu mtu aliyepalilia mtama wake huko Shinyanga, kabla ya majembe ya Ulaya kufika, alishika chuma kilichoyeyushwa kwa makaa ya miti ya magharibi.

Mafundi hawa hawakusoma katika vitabu, lakini walijua mambo matatu juu ya moto. La kwanza, ukuni wenye maji haufai kwa kazi kubwa. Kwa hiyo walitumia makaa, yaani mti uliokwisha kutolewa maji yake na moshi wake. La pili, moto hauna budi kupewa pumzi. Kwa hiyo walivuta mivukuto, wakapitisha hewa katika mirija ya udongo mpaka ndani ya tanuri. La tatu, joto hufungwa kama mali. Kwa hiyo walilizungushia tanuri ukuta wa udongo ili joto lisitawanyike. Jiwe la chuma halitoi donge la chuma mpaka joto lifike karibu digrii 1,200, wala joto hilo halipatikani kwa moto unaofuka.

Jirani zao Wahaya, ng'ambo ya kaskazini-magharibi, walikuwa na ustadi wa namna hiyo hiyo. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa mambo ya kale, Peter Schmidt, aliwaomba wazee wa Kihaya waliokumbuka kazi ya zamani wajenge tanuri na kuyeyusha chuma tena mbele yake. Mwaka 1978 yeye na mwenzake Donald Avery waliandika kwamba mirija ya udongo iliingizwa ndani kabisa ya tanuri, hata hewa ikapata joto humo kabla ya kuugusa moto. Wataalamu wengine walibishana nao juu ya kadiri ya faida yake, lakini hakuna anayekana kwamba watu wa kando ya ziwa walijua kuyeyusha chuma tangu miaka 2,000 hivi iliyopita. Msomaji alishike neno hili la hewa iliyopata joto, maana tutalikuta tena mbele.

Majembe ya kiwandani yalipoingia kwa wingi, kazi ya Warongo ilipungua kidogo kidogo. Mwaka 1943 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapa makala ya C. C. de Rosemond juu ya uyeyushaji wa chuma katika wilaya ya Kahama. Lakini siku zile ilikuwa tayari ni habari ya wazee zaidi kuliko ya vijana.

Sasa twauliza: ikiwa baba zetu waliujua moto namna hii, mbona mama zetu walipika katika moshi? Jibu letu ni kwamba kazi ya tanuri ilizungukwa na miiko mikali. Wayeyushaji walijitenga na wake zao siku za kazi, wala mwanamke hakuruhusiwa kulikaribia tanuri. Hapo ndipo, kama sisi tuonavyo, elimu ilipokatika. Mume alirudi nyumbani naye ajua kwamba moto hutaka ukavu, pumzi na ukuta. Akaketi karibu na mafiga matatu yaliyo wazi kila upande, akangoja ugali, asiseme neno. Aliona moto wa chuma ni kazi ya ustadi, na moto wa chungu ni kazi ya kawaida tu.

Wala tusiyadharau mafiga. Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu, na mawe matatu yalikuwa chombo cha busara mahali penye kuni nyingi. Hayakununuliwa, yalibeba chungu cha kila ukubwa, na moshi wake ulikausha paa na kufukuza wadudu wa nafaka iliyotundikwa juu. Tena mama hodari, mwenye kuni kavu na mkono wa uangalifu, aweza kupika juu ya mafiga kwa moshi mchache kuliko mvivu mwenye jiko la thamani. Lakini mambo hayo yote yalitegemea neno moja, kwamba kuni ziko karibu. Neno hilo halikudumu.

Miti ilipokwisha

Mwanzoni mwa karne iliyopita sehemu kubwa ya Shinyanga ilikuwa pori, na ndani ya pori alikaa mbung'o, auaye ng'ombe na kuwaletea watu malale. Katika miaka ya 1920 Bwana C. F. M. Swynnerton, mkuu wa wanyama wa pori wa Tanganyika, alishirikiana na Mtemi Makwaia wa Usiha katika vita vya kumfukuza mdudu huyo. Maelfu ya watu walitoka kwa mashoka na mapanga, wakafyeka vichaka. Na majani yakaachwa yakauke mpaka mwisho wa kiangazi, ndipo yakachomwa, ili moto uwe mkali na kuua vichipukizi. Makao ya uchunguzi wa mbung'o yakawekwa Shinyanga ya Kale. Swynnerton mwenyewe alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938.

Hatuilaumu kazi hiyo, kwani ng'ombe walipona na watu wakapata mahali pa kukaa. Lakini nchi ikifunguliwa huwa haijui kujifunga yenyewe. Baada ya mbung'o kuondoka, watu waliongezeka na mifugo ikaongezeka. Baada ya Vita Kuu ya Pili mashamba ya pamba yalienea Usukuma yote. Katikati ya miaka ya 1970 watu wakahamishiwa katika vijiji vikubwa, na ngitili nyingi, yaani malisho ambayo wazee waliyafunga ili nyasi na miti ipumzike, zikabaki mbali bila mwenye kuzilinda. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana katika mkoa wa Shinyanga zilikuwa kama hektari 600 tu, na watu walikuwa wakiuita mkoa huo jangwa la Tanzania.

Hapo ndipo historia ya miti ilipokuwa historia ya jikoni. Kuni zilipokosekana, wanawake walipika kwa miti ya pamba iliyong'olewa shambani, kwa mabua ya mahindi na mtama, na kwa samadi kavu ya ng'ombe. Miti ya pamba haikuwa na dhara kuichoma. Tangu zamani wakulima waliamriwa kuing'oa na kuiteketeza kila mwaka ili wadudu wafe. Lakini samadi ni chakula cha shamba. Aichomaye hulinyang'anya shamba ili alishe chungu, na mwakani chungu kitakosa cha kupika. Tena vitu hivyo vyote, vikichomwa ovyo juu ya mafiga, hutoa moshi mwingi kuliko mti mgumu.

Mwalimu Julius Nyerere alipoizuru Shinyanga katikati ya miaka ya 1980, aliona nchi ilivyokuwa uchi. Mwaka 1986 Serikali, ikisaidiwa na Norwei, ikaanzisha kazi iliyoitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, watu wakaifupisha HASHI. Mwanzoni kazi hiyo ilitaka kuotesha miche; lakini wenye hekima wakaona kwamba mizizi ya migunga na miti mingine ilikuwa hai chini ya ardhi, ikingoja tu kuachwa. Ndipo desturi ya ngitili ikarudishwa, kwa ngitili za jamaa na ngitili za kijiji, zikilindwa kwa sheria za wenyeji wenyewe. Mkoa wa siku zile ulikuwa mkubwa, wenye vijiji 833, ukichukua na nchi ambazo tangu mwaka 2012 zimo katika mikoa ya Simiyu na Geita. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000, ngitili zilipita hektari 300,000, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapewa tuzo ya Umoja wa Mataifa.

Twajivunia habari hii, nayo yastahili kufundishwa katika kila shule. Lakini ngitili huongeza kuni upande mmoja tu. Mtu ajazaye mtungi uliotoboka atachota maji siku zote. Na huko magharibi, katika nchi ya dhahabu, kiu ya miti imezidi. Mgodi wa kwanza mkubwa wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Mgodi mpya ukafunguliwa mwaka 2000. Na wachimbaji wadogo wametapakaa kote tangu Kahama mpaka Geita. Kila shimo hutaka matimba ya kuzuia udongo usiporomoke, na kila kambi hutaka kupika. Makaa hutoka misituni kwa magunia. Nao wachomaji wa makaa wajua, ijapokuwa hawasemi, kwamba katika tanuri la udongo kilo 100 za kuni hutoa kilo 10 mpaka 20 tu za makaa. Nyingi katika zile nyingine zimekwenda mawinguni pamoja na nguvu zake.

Mataifa mengine nao walijifunza

Msomaji asidhani kwamba shida hii ni ya Waafrika peke yao, au kwamba wengine walizaliwa wakijua. Taabu ya kuni huja kwa kila taifa, nayo ndiyo iliyowafanya watu wautazame moto kwa akili.

Mwaka 1744 Benjamin Franklin wa Philadelphia, katika Marekani, alichapa kijitabu juu ya jiko la chuma alilolibuni. Alilalamika kwamba kuni zilikuwa zikipatikana mbali zaidi na zaidi, hata miji mingine ikaziagiza kutoka mwendo wa karibu maili 100. Jiko lake liliuzungusha moshi ili uache joto lake nyumbani kabla ya kutoka. Lakini bomba la moshi lilipokuwa baridi, moshi ulikataa kushuka ukarudi chumbani, na watu wengi wakalibadili jiko hilo au wakaliacha. Franklin alikuwa mtu mwenye akili nyingi, lakini akili iliyo ndani ya chombo haitoshi isipokuwa na mkono wa mwenye kukitumia.

Baada yake alitokea Benjamin Thompson, mzaliwa wa Marekani aliyetumikia Bavaria katika Ujerumani, akapewa heshima ya kuitwa Count Rumford. Tangu mwaka 1790 alisimamia chakula cha maskini katika mji wa München, akaona jinsi kuni zilivyopotea katika jiko la wazi. Akaufungia moto ndani ya matofali, kila sufuria na tundu lake. Mwaka 1796 akaandika jinsi ya kurekebisha sehemu za moto za nyumbani zisitoe moshi ndani.

Katika miaka yetu, mwaka 1982, Larry Winiarski wa Oregon katika Marekani alipanga kanuni za jiko lililoitwa jiko la roketi. Lina mdomo mdogo wa kutilia kuni na njia fupi iendayo juu kama kiwiko cha mkono, iliyozungukwa na kitu kisichopitisha joto. Chini ya kuni huwekwa kibao, ili hewa ipite chini yake na kupata joto kabla ya kuufikia moto. Hapa msomaji ataikumbuka ile mirija ya udongo. Hatusemi kwamba Winiarski alijifunza kwa wazee wa kando ya ziwa. Twasema tu kwamba ukavu, pumzi na ukuta ndizo sheria za moto mahali pote, na kila atafutaye kwa bidii huzikuta zile zile.

Jirani zetu wa Kenya nao walifanya kazi njema. Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano juu ya nishati huko Nairobi mwaka 1981, na katika miaka iliyofuata mafundi wakatengeneza jiko la makaa lenye ganda la bati na moyo wa udongo uliochomwa, ambalo limeenea mpaka kwetu. Kwa wenye kupikia kuni, chama cha Maendeleo ya Wanawake kilisaidia kueneza majiko mengine, na moja likaitwa Kuni Mbili. Wasomaji wa Maandiko watamkumbuka mjane wa Sarepta, ambaye nabii Eliya alimkuta penye lango la mji akiokota kuni mbili za kupikia unga wake wa mwisho. Twadhani hakuna mama wa Shinyanga asiyemwelewa mjane yule. Na mwenye kuni mbili tu hawezi kuuachia moshi mmoja wapo.

Namna ya kuuongoza moto

Sasa na tueleze kazi yenyewe, kwa maana historia isiyomsaidia mtu kuinjika chungu ni nusu ya historia.

Mti ukipata joto kwanza hutoa maji, kisha hutoa hewa iwakayo, na mwisho hubaki kaa. Karibu robo tatu ya uzito wa ukuni mkavu hutoka kwa namna ya hewa hiyo. Hewa ikikutana na joto kali na pumzi ya kutosha, huwaka, nasi huiita ulimi wa moto. Ikikosa kimoja, huondoka bila kuwaka, nasi huiita moshi.

Basi neno la kwanza ni ukavu. Mti mbichi waweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na maji hayo ni lazima yageuzwe mvuke kabla ukuni haujatoa faida. Kuyageuza maji yanayochemka yote yawe mvuke hutaka joto mara saba hivi kuliko kuyatoa katika ubaridi wake mpaka yachemke. Mwenye kuni mbichi anachemsha vyungu viwili, kimoja cha ugali na kimoja kilichofichwa ndani ya mti. Kwa hiyo kuni zikatwe mapema, zipasuliwe, zipangwe kwa kuachiana nafasi mahali penye upepo, na zifunikwe juu mvua zisije. Kiangazi chetu, tangu Mei mpaka Oktoba, ni zawadi kubwa kwa kazi hiyo. Kuni kavu zikigonganishwa hulia kwa sauti kali, na ncha zake huwa na nyufa. Kuni mbichi hulia kwa sauti nzito.

Neno la pili ni unene. Gogo zima hupata moto nje, na ndani likabaki baridi likitoa moshi. Kuni za unene wa kidole gumba mpaka unene wa kifundo cha mkono zafaa jiko la nyumbani. Kupasua ni kazi ngumu, nasi twaona si haki iwe ya wanawake peke yao.

Neno la tatu ni kuwasha. Moto uanze mdogo na mkali, kwa vijiti vikavu sana, mpaka kuta za jiko zipate joto. Atiaye kuni nene katika jiko baridi huupata moshi kwanza, na moto baadaye.

Neno la nne ni kulisha. Ncha tu za kuni ndizo ziungue, na mtu azisukume kidogo kidogo kadiri zinavyokwisha. Ukuni mmoja peke yake huzimika. Kuni mbili au tatu zikikaribiana pasipo kubanana huongezana joto. Mdomo wa jiko usijazwe hata hewa isipate njia, na majivu yatolewe kabla ya kuwasha. Miti ya pamba na mabua yaweza kutumika vivyo hivyo, ila huwaka upesi na hutaka mlishaji asiyeondoka.

Neno la tano ni chungu. Kisikae ndani ya moto kabisa, maana kitako kilicho baridi huuzima ulimi wa moto ukageuka masizi. Wala kisikae mbali sana joto likapotea. Kifunikwe. Maharage yalowekwe tangu usiku. Na kikisha kuchemka, kuni zipunguzwe, kwa kuwa maji yanayochemka kwa fujo hayaivishi upesi kuliko yanayochemka kwa utulivu. Kazi yake ni kupoteza mvuke tu.

Alama za moto ni rahisi kusoma hata kwa mtoto. Moshi mweupe mzito wasema kwamba kuni zina maji au jiko ni baridi. Moshi mweusi wasema kwamba kuni ni nyingi na pumzi ni chache. Ulimi wa moto ulio wazi na wenye nguvu, na juu yake hewa inayotetemeka tu, wasema kwamba kuni zinalipa deni lake.

Lakini twatoa onyo. Hakuna moto wa kuni usio na moshi kabisa, wala moto usioonekana moshi si lazima uwe salama. Makaa mekundu hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo imewaua watu waliolala wakiwa wamefunga mlango huku jiko la makaa limo chumbani. Jiko lisiingizwe mahali pa kulala, na jikoni pawe na dirisha na tundu la juu la kutolea moshi.

Deni letu

Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 hivi katika mwaka 2020 duniani kote, na kati yao watoto zaidi ya 237,000 walikuwa chini ya miaka mitano. Serikali ya Tanzania ilitangaza mwaka 2024 mkakati wa kuwafikishia asilimia 80 ya wananchi nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, nasi twaomba mpango huo ufanikiwe. Mwenye gesi au umeme na autumie kwa shukrani. Lakini kati ya leo na siku gesi itakapofika katika kila kitongoji cha Kishapu na Nyang'hwale, ugali utapikwa mara nyingi sana, na watoto wengi watakaa karibu na moto. Hao nao wana haki ya moto safi.

Kosa tulionalo katika historia hii yote si ukosefu wa vyombo. Fundi wa Warongo alikuwa na tanuri na elimu, lakini elimu yake aliifunga kwa miiko. Jiko la Franklin lilikuwa zuri, lakini wengi walilichukua pasipo kujifunza. Nasi leo twaweza kurudia makosa yote mawili: kugawa majiko mapya bila kumfundisha mtu kukausha kuni, au kuwafundisha wanaume katika mikutano, na mama aliye jikoni asisikie. Jiko bora likitiwa kuni mbichi litafuka kama mafiga, na baada ya mwaka mmoja kuku watataga ndani yake.

Kwa hiyo twasema, somo la moto lifundishwe shuleni kwa wavulana na wasichana pamoja, kama somo la hesabu. Na wazee wa kanisa walitaje katika mikutano ya akina mama na ya akina baba. Kazi yenyewe haihitaji fedha. Baba wa nyumba akate kuni baada ya mavuno, wanawe wazipasue, na wote wazipange chini ya upenu kabla ya mvua za Novemba. Katika Injili ya Yohana twasoma kwamba Bwana wetu aliyefufuka aliwatayarishia wanafunzi wake samaki na mkate kando ya ziwa, juu ya moto wa makaa. Ikiwa Yeye hakuona haya kuuwasha moto kwa ajili ya wenzake wenye njaa, ni nani kati yetu atakayeona haya kujifunza kuuwasha vema?